Kuongeza Uvutikaji wa Mabamba ya Metali Yenye Matabaka: Mwongozo Kamili

Bamba la metali moja likipasuka wakati wa kukunjwa, fundi hana mengi ya kujiuliza: ama metali imekakamaa kupita kiasi, ama kona imebana mno. Bamba la matabaka halisomeki kwa wepesi huo. Alumini iliyoshikana na shaba, chuma kisichoshika kutu kilichobebwa na chuma laini, titani juu ya alumini: katika kila jozi kuna metali mbili zinazovutika kwa viwango tofauti na kulainika kwa joto tofauti, na katikati yake kuna mpaka wenye tabia zake. Ndiyo maana dawa ya haraka ya karakana, yaani kulitia bamba kwenye tanuri hadi lilainike, mara nyingi huleta ugonjwa mwingine. Nje bamba linakuwa laini, ndani linavunjika kama kigae.

Hapa tunazungumzia uvutikaji, yaani uwezo wa bamba kuvutwa, kukunjwa na kubonyezwa hadi lipate umbo bila kupasuka wala kubanduka. Mwongozo unamfaa anayenunua bamba lililokwisha kuunganishwa na anayeliunganisha mwenyewe kwa rola. Msimamo wangu niuseme mapema: usiguse joto, rola wala mafuta kabla hujajua ni tabaka gani linaanza kushindwa.

Kwa nini tabaka moja huliokoa jingine, au huliangusha

Metali ikivutwa hukonda. Palipokonda zaidi hubeba mkazo mkubwa zaidi, hivyo pangepaswa kuendelea kukonda hadi pakatike. Kinachopazuia ni kwamba metali hukakamaa inapovutika: palipokonda panakuwa pagumu kuliko jirani yake, na mvutiko unahamia kwingine. Mashindano hayo huendelea hadi ukakamaaji unapozidiwa. Hapo shingo hutokea, yaani sehemu moja hukonda ghafla kuliko nyingine, na baada ya shingo kukatika hakuko mbali. Mhandisi Mfaransa Armand Considère aliieleza kanuni hiyo mwaka 1885: shingo huanza pale kasi ya kukakamaa inapolingana na mkazo halisi uliomo ndani ya metali.

Ukakamaaji hupimwa kwa namba iitwayo n, ambayo kwa metali nyingi inakaribiana na mvutiko halisi unaofikiwa kabla ya shingo. Shaba nyekundu iliyolainishwa ina n ya karibu 0.5. Chuma kisichoshika kutu cha aina ya 304 kiko karibu na 0.45, chuma laini cha kubonyezea kina 0.2 na kidogo, na alumini tupu iliyolainishwa ni karibu 0.2. Metali hizohizo zikishapitishwa sana kwenye rola zikiwa baridi, n hushuka vibaya, kwa sababu akiba yao ya kukakamaa imeshatumika.

Sasa unganisha tabaka lenye n ya 0.2 na lingine lenye 0.4. Ikiwa yanabeba mzigo nusu kwa nusu, bamba zima litaanza kufanya shingo karibu na 0.3. Tabaka linalovutika limemshika mkono mwenzake na kumvusha mahali ambapo peke yake asingefika. Lakini angalia: kinachogawanywa katika hesabu hiyo ni mzigo, si unene. Tabaka jembamba lenye nguvu nyingi laweza kubeba sehemu kubwa ya mzigo, na likiwa ndilo lisilovutika litaliburuta bamba zima chini. Wanunuzi wengi hutazama asilimia ya unene kwenye karatasi ya bidhaa na kudhani wameshajua tabia ya bamba.

Hesabu hiyo yote hushika pale tu mpaka unaposhika. Matabaka yakibanduka, kila moja linabaki na shingo yake. Lililo dhaifu hukatika, na lililobaki hubeba mzigo wote kwa unene uliopungua.

Hatua ya 1: Soma mpasuko

Chukua kipande kilichoharibika, ukikate kwa msumeno mwembamba kupita katikati ya mpasuko, ulainishe uso uliokatwa kwa msasa kuanzia namba 240 hadi 1200 ukitumia maji, kisha ukiangalie kwa lenzi ya kukuza mara 10 au, ukiweza, kwa hadubini. Unatafuta mahali mpasuko ulipozaliwa.

Mipasuko midogo mingi inayosimama sambamba ndani ya tabaka moja huku jirani yake likiwa zima inamaanisha kwamba tabaka hilo limeishiwa uvutikaji. Ama liliingia kwenye bamba likiwa limekakamaa, ama kwa asili halivutiki. Uwazi mrefu unaofuata mpaka, na kila tabaka likiwa limepinda kivyake, unasema mshikamano haukutosha. Ukiona kijistari chenye rangi tofauti pale mpakani, nacho kimekatikakatika, basi joto lilizidi: metali hizo mbili zimeungana kikemia na kuzaa msombo mgumu usiovutika hata kidogo. Na mpasuko ulioanzia ukingoni ukaingia ndani kwa kawaida hauhusiani na matabaka kabisa. Ni ukataji mbaya.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kubadili chochote

Kata vipande vya majaribio katika pande tatu: kufuata mwelekeo wa rola, kuukata mwelekeo huo, na kwa nyuzi 45. Rola hupanga chembe za metali, kwa hiyo upande mmoja unaweza kuvutika vizuri na mwingine ukapasuka mapema. Bamba la matabaka hubeba mipangilio miwili kwa mpigo.

Jaribio la bei nafuu kuliko yote ni la kukunja. Mvutiko wa uso wa nje wa kona hukadiriwa kwa kugawa unene wa bamba kwa jumla ya unene huo na mara mbili ya nusu kipenyo cha ndani cha kona. Bamba la milimita 2 likikunjwa kwa nusu kipenyo cha milimita 2, uso wa nje huvutika kwa asilimia 33. Kwa milimita 4 ni asilimia 20, na kwa milimita 6 ni karibu asilimia 14. Anza na kona pana, uibane kidogokidogo, na uandike nusu kipenyo cha mwisho kabla mpasuko haujaonekana. Fanya hivyo uso mmoja ukiwa nje, kisha uligeuze bamba na kurudia.

Mwenye mashine ya kuvutia apime mambo mawili kwa kuyatenganisha: mvutiko kabla ya shingo, na mvutiko hadi kukatika. Cha pili hutegemea urefu uliowekewa alama kwenye kipande, ambao mara nyingi huwa milimita 50. Kipande hichohicho kikipimwa kwa urefu mfupi zaidi hutoa asilimia kubwa zaidi, kwa kuwa shingo inachukua sehemu kubwa ya kipimo. Usilinganishe namba za vipimo viwili tofauti.

Kwa kazi za kubonyeza, kama sufuria na vifuniko, kuna jaribio la Erichsen: tufe la kipenyo cha milimita 20 husukumwa kwenye bamba lililobanwa hadi lipasuke, na kina kilichofikiwa ndicho jibu. Mwishowe bandua ukanda wa matabaka kwa kuyavuta yaachane, upime nguvu ya kuyabandua. Kipimo hiki kikikosekana utakuwa unalainisha bamba gizani, kwa sababu joto linaweza kuongeza mvutiko huku likiua mshikamano.

Hatua ya 3: Chukua kwanza faida zisizo na gharama

Ukingo uliokatwa kwa mkasi wa mashine umekakamaa na una meno na nyufa ndogo. Weka nafasi kati ya visu iwe asilimia 5 hadi 10 ya unene, visu viwe vikali, kisha ondoa meno kwa tupa na umalize kwa msasa ukifuata urefu wa ukingo, si kuukata. Katika bamba la matabaka mkasi una kosa la ziada: huweza kulivuta tabaka laini juu ya lile gumu na kufungua mpaka pale ukingoni. Ikiwezekana, kata huku tabaka gumu likiwa upande wa kisu kinachoshuka, linganisha kingo za pande zote mbili, uchague zenye nyufa chache.

Kisha panga mstari wa kukunja uukate mwelekeo wa rola. Ukiwa lazima ukunje pande mbili zinazokutana, elekeza bamba kwa nyuzi 45 ili pande zote zigawane hasara.

Tabaka linalovutika zaidi liwe nje ya kona, lile gumu libaki ndani linakobanwa. Hapa kuna ujanja unaosahaulika: ule mstari ndani ya bamba usiovutika wala kubanwa hauko katikati, unasogea kuelekea tabaka lenye nguvu. Tabaka gumu likiwa ndani, uso wa nje huvutika zaidi kidogo ya kile kanuni ya hatua ya pili inachosema. Shaba au alumini laini hustahimili nyongeza hiyo bila shida. Lakini kama tabaka la nje lina kazi ya kuzuia kutu, angalia lisikonde kupita kiwango kilichowekwa.

Mambo haya matatu hayahitaji tanuri, na si ajabu yakamaliza tatizo lote.

Hatua ya 4: Kulainisha kwa joto, jozi kwa jozi

Kulainisha hufuta ukakamaaji. Metali iliyobanwa na rola ina chembe zilizobondeka na zilizojaa kasoro. Ikipata joto la kutosha huzaa chembe mpya zisizo na mkazo, na n hupanda tena. Tatizo ni kwamba kila metali ina joto lake. Alumini tupu hulainishwa karibu na nyuzi 345 za Selsiasi. Shaba nyekundu hulainishwa kati ya nyuzi 375 na 650, chuma laini huhitaji 650 hadi 700, na chuma cha 304 hutaka nyuzi 1,010 hadi 1,120. Alumini yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660. Linganisha namba hizo na utaona jozi nyingine haziwezi kulainishwa pamoja, hata ungekuwa na tanuri la namna gani.

Joto halilainishi tu. Huzifanya atomu za pande mbili zihame na kujenga msombo mpakani. Tabaka jembamba sana la msombo si adui, tena laweza kuimarisha mshikamano. Likinenepa linakuwa ukanda wa kuvunjika. Unene wake hukua kwa kufuata kipeuo cha pili cha muda: kama saa moja imezaa mikroni 1, saa nne kwenye joto lilelile zitazaa 2. Joto, kwa upande wake, huongeza ukuaji kwa kasi kubwa mno. Kwa hiyo kosa la nyuzi 50 ni baya kuliko kosa la nusu saa. Ukilazimika kukisia, kosea upande wa muda.

Alumini na shaba. Hii ndiyo jozi inayohitaji nidhamu kuliko zote. Misombo yake, kama Al2Cu na Al4Cu9, ni migumu na haivutiki. Kaa kati ya nyuzi 250 na 350, dakika 30 hadi saa moja, ukianzia chini. Ukipita 400 msombo hunenepa haraka na nguvu ya kubandua huporomoka. Kwenye nyuzi 548 mpaka wenyewe huyeyuka, ingawa hakuna hata moja ya metali hizo mbili iliyofikia kiwango chake cha kuyeyuka.

Alumini na chuma laini. Msombo unaotisha ni Fe2Al5. Chuma laini kilichobanwa na rola huanza kuzaa chembe mpya karibu na nyuzi 500, kwa hiyo kuna dirisha jembamba kati ya 500 na 550 kwa muda mfupi. Silikoni kidogo ndani ya tabaka la alumini hupunguza kasi ya msombo huo kukua, na ni jambo la kuuliza unaponunua.

Alumini na chuma kisichoshika kutu. Usijaribu kukilainisha chuma hicho baada ya kuungana. Kinapaswa kiingie kwenye rola kikiwa kimeshalainishwa, na kazi zinazofuata zipangwe ili kisikakamae sana. Kinachoweza kulainishwa baadaye ni alumini peke yake.

Shaba na chuma, cha aina yoyote. Jozi hii ni rahisi, kwa kuwa chuma na shaba havizai msombo wa kuvunjika. Kikomo ni shaba, ambayo chembe zake hukua ovyo joto likizidi. Onyo moja lakini ni zito: shaba ya kawaida yenye oksijeni kidogo ndani yake haipaswi kulainishwa katika gesi ya haidrojeni. Haidrojeni hupenya, hukutana na oksijeni hiyo na kuzaa mvuke ndani ya metali, na mvuke huo huifumua kutoka ndani. Tumia nitrojeni au agoni, au nunua shaba isiyo na oksijeni.

Chuma cha kaboni na chuma kisichoshika kutu. Hapa kaboni huhamia upande wenye kromi na kutengeneza kabidi ngumu mpakani, huku upande wa pili ukiachwa na ukanda laini uliopungukiwa. Karatasi nyembamba ya nikeli katikati huziba njia hiyo. Usiliache bamba likae muda mrefu kati ya nyuzi 425 na 850, kwa maana katika joto hilo chuma kisichoshika kutu hupoteza kromi kandokando ya chembe zake na kuanza kushika kutu palepale.

Titani na alumini hustahimili hadi nyuzi 500 hivi kabla msombo wa TiAl3 haujawa kero. Magnesi na alumini ni kinyume chake: mpaka wake unaweza kuyeyuka kwenye nyuzi 437, na misombo hukua mapema, hivyo usipite 250 hadi 300. Unga na vumbi la magnesi hushika moto kwa urahisi. Weka mchanga mkavu karibu, na usiuzime moto wake kwa maji.

Fedha na shaba ndiyo jozi yenye historia. Thomas Boulsover, fundi wa Sheffield nchini Uingereza, aligundua katika miaka ya 1740 kwamba fedha iliyoshikana na shaba kwa joto huvutika kama metali moja. Vyombo vya fedha vya Sheffield vilijengwa juu ya ugunduzi huo. Siri iko kwenye namba: mpaka wa fedha na shaba huyeyuka kwenye nyuzi 779, na chini ya hapo hakuna msombo wa kuvunjika. Unaweza kulainisha, kubana na kulainisha tena bila hofu kubwa.

Alumini ya ndege, yaani kiini chenye nguvu cha aina ya 2024 kilichovikwa alumini tupu pande zote, ina sheria yake. Kiini hulainishwa kikamilifu kwenye nyuzi 415 kwa saa 2 hadi 3, kisha hupozwa polepole ndani ya tanuri, kwa kasi ya nyuzi 30 hivi kwa saa hadi kufikia 260. Kukipoza haraka kunakipa ugumu tena. Na kila unapokipasha moto, shaba iliyomo kwenye kiini husogea kuelekea uso na kuharibu vazi linalozuia kutu. Panga kazi ili joto liwe mara chache.

Namna ya kufanya: kata vipande vitano au sita vinavyofanana, visafishe mafuta, kila kimoja kipate joto lake kwa kupishana nyuzi 25, muda uwe uleule. Funga waya wa themokapo, yaani kihisi cha joto, kwenye kipande chenyewe. Kipimo cha ukutani cha tanuri husoma hewa, na kwa dakika za mwanzo bamba liko nyuma sana. Baada ya kupoa, kunja kipande kimoja na bandua kingine. Chora mistari miwili kwenye karatasi, mmoja wa mvutiko na mwingine wa nguvu ya kubandua. Mvutiko utapanda, utatulia, kisha pengine utashuka. Nguvu ya kubandua itashuka ghafla mahali fulani. Chagua joto la chini kabisa ambalo mvutiko umeshatulia, hata kama mwenzako anakushawishi uongeze kidogo kwa usalama.

Kuna mtego mwingine. Bamba lililovutwa kidogo tu, asilimia 2 hadi 10 hivi, kisha likalainishwa, linaweza kuzaa chembe chache kubwa mno. Likibonyezwa baadaye uso wake unakuwa na vipele na hupasuka mapema. Kama bamba limenyooshwa kidogo, ama liache bila kulilainisha, ama libane vya kutosha kwanza.

Hatua ya 5: Kama unaliunganisha mwenyewe

Uvutikaji wa bamba huamuliwa kwa kiasi kikubwa kabla halijawa bamba. Lainisha kila metali kivyake, kwa joto lake, kabla ya kuungana. Kwa jozi ya alumini na chuma kisichoshika kutu hii ndiyo nafasi ya pekee.

Ondoa mafuta kwa asetoni. Baada ya hapo ndipo upige brashi ya waya, kwa mwelekeo mmoja, kwa brashi isiyowahi kugusa grisi. Kubadilisha mpangilio huo ni kuyasukuma mafuta ndani ya metali. Brashi huacha ngozi ngumu juu ya uso. Rola inapobana, ngozi hiyo hupasuka, metali safi hupenya kwenye nyufa na kukutana na metali safi ya upande wa pili. Huo ndio mshikamano. Usiguse uso kwa vidole, na ubane ndani ya dakika chache kabla oksaidi haijarudi.

Mara ya kwanza kupita kwenye rola ndiyo inayoamua. Alumini kwa alumini katika joto la kawaida huhitaji unene upungue kwa karibu theluthi moja ndipo ishike. Shaba huhitaji zaidi. Kwa alumini na shaba nusu ya unene ni lengo zuri. Kupita mara nyingi kwa kubana kidogokidogo hakuleti kitu kilekile, kwa kuwa nyufa za ngozi hazifunguki vya kutosha. Rola isipokuwa na nguvu, pasha moto kidogo. Joto hushusha kiwango kinachohitajika. Magnesi yenyewe isibanwe ikiwa baridi. Nyuzi 200 hadi 300 ndizo zinazoifungua.

Tukiwa hapa, tuseme juu ya unene, jambo ambalo kwa maoni yangu lina faida kubwa kuliko yote na linatumiwa kidogo kuliko yote. Tabaka gumu lililobanwa kati ya matabaka laini hupasuka pale nishati iliyohifadhiwa ndani yake inapotosha kuufungua mpasuko, na nishati hiyo huongezeka pamoja na unene wa tabaka. Kuna unene ambao chini yake mpasuko haupati chakula cha kutosha, na tabaka gumu huanza kuvutika pamoja na wenzake. Unene huo hupungua kwa mraba wa mkazo: ukitumia tabaka lenye mkazo mara mbili, lazima liwe jembamba mara nne. Kwa hiyo, badala ya tabaka moja gumu la milimita 1 katikati, weka manne ya robo milimita yaliyotenganishwa na metali laini. Uwiano wa metali haujabadilika, nguvu inabaki karibu ileile, lakini bamba linavutika zaidi.

Wazo hilo likisukumwa hadi mwisho ndilo mbinu ya kubana, kukata katikati, kupandanisha na kubana tena, iliyoanzishwa na Saito na wenzake katika Chuo Kikuu cha Osaka mwishoni mwa miaka ya 1990. Kila mzunguko hupunguza unene kwa nusu na kuongeza matabaka mara mbili. Mizunguko 10 ikianza na tabaka moja huzaa matabaka 1,024. Alumini ya kawaida iliyopitia mizunguko ya namna hiyo imepata nguvu kiasi cha mara tatu. Gharama yake ni uvutikaji: metali inakuwa imeshakakamaa hadi mwisho, na shingo huja mapema. Kwa hiyo mizunguko mingi haifai lengo letu isipofuatwa na kulainisha kwa muda mfupi, au kwa kuchanganya matabaka ya chembe ndogo na ya chembe kubwa, yale makubwa yakiwa na kazi ya kukakamaa.

Hatua ya 6: Wakati wa kutengeneza umbo

Gawanya kazi. Kikombe kirefu kisichotoka kwa mbonyezo mmoja hutoka kwa miwili au mitatu, na kulainisha katikati, mradi jozi inaruhusu na unahesabu jumla ya muda wa joto. Msombo wa mpakani haurudi nyuma. Dakika 30 za jana zinajumlishwa na 30 za leo.

Mafuta yapakwe kwa kufuata uso. Alumini hunata kwenye dai, yaani kalibu ya kubonyezea, kuliko chuma, hivyo pande mbili za bamba moja huenda zikahitaji mafuta tofauti. Upande unaonata huzuia tabaka lake lisitiririke, na mkazo wote huhamia mpakani.

Kupasha moto wakati wa kubonyeza kunasaidia sana alumini yenye magnesi, ambayo huvutika vizuri zaidi kwenye nyuzi 200 hadi 300. Lakini ikiwa imeshikana na chuma laini, joto hilohilo humkuta chuma mahali pabaya: kati ya nyuzi 200 na 350 hivi, chuma cha kaboni hupungukiwa na uvutikaji, na uso wake hupata rangi ya bluu. Unampa mmoja huku ukimnyang'anya mwingine. Kwa jozi hiyo ningebonyeza katika joto la kawaida.

Bamba lililotoka tanurini likiwa limepinda halijaharibika. Alumini hutanuka kwa sehemu 23 kwa milioni kwa kila nyuzi, chuma laini 12. Likipoa kwa nyuzi 300, tofauti ni asilimia 0.33, yaani zaidi ya milimita 3 kwa kila mita. Alumini laini haiwezi kuhimili tofauti hiyo bila kuvutika, hivyo hubaki na mkazo ndani yake. Kulinyoosha kwa rola kunatumia sehemu ya uvutikaji uliotoka kuununua. Njia bora ni kupanga matabaka yalingane, metali ileile juu na chini, ili mikazo izuiane.

Hatua ya 7: Pima tena, kisha uamue

Rudia vipimo vya hatua ya pili kwa vipande vilivyokatwa kwa namna ileile na kwa urefu uleule. Uangalie zaidi mvutiko kabla ya shingo, maana ndio unaotumika katika kubonyeza. Mvutiko hadi kukatika unaweza kupanda kwa sababu ya shingo ndefu tu, na shingo haitengenezi sufuria.

Mvutiko ukipanda na nguvu ya kubandua ikabaki, funga kazi na uandike joto, muda na unene. Mvutiko ukipanda huku kubandua kukishuka, rudi nyuma nyuzi 25. Vyote vikibaki palepale, kata tena kipande kilichopasuka na ukirudishe kwenye lenzi. Kama mipasuko bado iko ndani ya tabaka lilelile gumu, joto limeshafanya yote linaloweza. Agiza au tengeneza bamba lenye tabaka hilo likiwa jembamba zaidi, hata ikibidi kuligawa mara mbili.